Mwanga, Ultrasaundi na Majitaka: Mwongozo kwa Wakazi wa Ngara na Biharamulo

Maji yanayotiririka kutoka kwenye mwalo wa dhahabu Biharamulo, maji yaliyotumika kufulia mashuka ya hospitali Ngara, na maji yaliyosuuza pampu ya dawa ya shambani, yote huitwa majitaka. Yaliyomo ndani yake hayafanani hata kidogo. Ya kwanza yanaweza kubeba zebaki na sayanaidi. Ya pili yana vijidudu na mabaki ya dawa za binadamu. Ya tatu yana viuatilifu. Anayetaka kuyasafisha yote kwa njia moja atapoteza fedha, na pengine atawadhuru watu wake mwenyewe.

Ziko njia mbili za kusafisha maji ambazo wanasayansi wamezifanyia kazi kwa miongo kadhaa, na ambazo sasa zinatajwa sana kila panapozungumziwa majitaka. Ya kwanza hutumia kichocheo kinachoamshwa na mwanga wa jua au wa taa. Ya pili hutumia mawimbi ya ultrasaundi, mara nyingi pamoja na kichocheo. Zote mbili ni za kweli na zina uwezo mkubwa, lakini zina mipaka, na mipaka hiyo ni muhimu sana kwa wilaya zetu mbili. Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi, uchafu zinaouvunja, uchafu zisioweza kuugusa, na hatua ambazo mkazi, mchenjuaji wa dhahabu, mkulima au mganga mfawidhi anaweza kuchukua tangu leo. Kanuni ya kuishika ni hii: fahamu kwanza kilichomo kwenye maji yako, ndipo utafute namna ya kuyasafisha.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Karibu na maporomoko ya Rusumo, mto Ruvubu unaotoka Burundi unaungana na Nyabarongo unaotoka Rwanda, na kuanzia hapo Kagera inaanza safari yake ndefu. Hakuna mto unaoingiza maji mengi Ziwa Victoria kuliko huo. Kinachomwagwa kwenye kijito cha Ngara hakiishii Ngara. Kinanyweshwa ng'ombe, kinamwagilia bustani, na mwisho kinafika ziwani ambako samaki wetu wanavuliwa.

Biharamulo ni wilaya ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, ukachukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 2013, na leo unajulikana kwa jina la STAMIGOLD. Pembeni ya uchimbaji mkubwa wapo wachimbaji wadogo, wenye makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea. Upande wa Ngara kuna hazina ya nikeli ya Kabanga, ambayo maandalizi ya kuichimba yanawahusu wananchi moja kwa moja. Kote katika wilaya hizi watu wanalima ndizi, kahawa, maharage na muhogo, na wengi hutumia viuatilifu. Kwa hiyo aina zote kubwa za uchafu wa maji tunazo: vijidudu, kemikali za shambani, kemikali za uchenjuaji, na metali.

Kichocheo cha mwanga kinavyofanya kazi

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha matokeo yaliyoushangaza ulimwengu wa kemia: mwanga ukipiga titaniamu dayoksaidi iliyo ndani ya maji, unaweza kuyapasua maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Titaniamu dayoksaidi ni unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani na dawa za meno. Madini yanayozaa unga huo yapo hapa Afrika Mashariki, na huko Kwale, pwani ya Kenya, yalichimbwa kwa takriban miaka kumi na moja hadi mwisho wa 2024.

Siri yake iko kwenye elektroni. Mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini inayochoma ngozi, ikipiga chembe ya kichocheo, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo linanyang'anya elektroni kutoka kwenye maji yaliyoigusa chembe hiyo, na hapo inazaliwa radikali ya haidroksili. Radikali hii huishi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini katika muda huo inashambulia karibu kila kitu chenye kaboni kilicho jirani nayo. Ina nguvu ya kuunguza kemikali kuliko klorini na hata kuliko ozoni. Kiuatilifu kinakatwa vipande, vipande vinakatwa tena, na kazi ikikamilika kinachobaki ni hewa ukaa, maji na chumvi chache. Kichocheo chenyewe hakiliwi; kinaweza kutumika tena na tena.

Kuna vikwazo vitatu vya kuvijua mapema. Kwanza, titaniamu dayoksaidi ya kawaida hutumia mionzi yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390 hivi, na mionzi hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua inayotufikia. Pili, maji ya tope huuzuia mwanga. Chembe za udongo hukaa kati ya jua na kichocheo, na kazi ikasimama. Yeyote aliyeitazama Kagera wakati wa masika anajua maana yake. Tatu, unga wa kichocheo ni mdogo kupita kiasi. Chembe za aina inayotumiwa sana maabara zina ukubwa wa nanomita 20 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kitambaa hakiwezi kuzichuja. Ndiyo maana wahandisi wanapendelea kuzigandisha juu ya kioo, vigae au saruji, maji yapite juu yake bila kuondoka nazo.

Hapa pana onyo kwa wajaribu: usichukue rangi ya ukutani ukaitia kwenye maji kwa kuwa umesikia ina titaniamu dayoksaidi. Rangi ina gundi na kemikali nyingine, na unga unaotengenezewa rangi hufunikwa makusudi kwa tabaka la kuuzuia usifanye kazi hii, la sivyo ungeila rangi yenyewe ukutani. Unga mkavu nao usivutwe puani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani vikivutwa kwa hewa.

Ultrasaundi inavyofanya kazi

Akina mama wengi wamekutana na ultrasaundi kliniki, kwenye kipimo cha ujauzito. Ni sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii. Ya kliniki ni hafifu na haidhuru. Ya kusafishia maji ni kali sana.

Mawimbi hayo makali yakipita majini yanazaa viputo vidogo visivyoonekana. Viputo hukua, kisha huporomoka ghafla. Ndani ya kiputo kinachoporomoka, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, joto hufika maelfu ya nyuzi za Selsiasi na mgandamizo hupanda mara mamia ya ule wa hewa tunayovuta. Maji yaliyo ndani yake yanapasuka na kuzaa radikali zile zile za haidroksili. Ukiongeza unga wa kichocheo, viputo huzaliwa kwa wingi zaidi juu ya chembe zake. Viko vichocheo, kama bariamu titaneti, ambavyo vikitikiswa huzalisha umeme mdogo juu ya uso wake na kuongeza kasi ya kazi. Ultrasaundi ikiunganishwa na mwanga, inafanya jambo jingine la manufaa: inakung'uta uchafu unaoganda juu ya kichocheo na kukiacha wazi kwa mwanga.

Faida kubwa ya ultrasaundi ni kwamba inafanya kazi gizani na kwenye maji yenye rangi nzito, mahali ambapo mwanga unashindwa. Hasara yake ni umeme. Sehemu kubwa ya nishati inaishia kuwa joto tu, na kiasi cha maji kinachosafishwa kwa mara moja ni kidogo. Mtambo wa Rusumo unazalisha megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, na umeme huo una kazi nyingi zinazoungoja. Kwa kijiji, ultrasaundi si ya leo. Inafaa kwa maabara, na kwa taasisi yenye majitaka machache lakini makali, kwa mfano yenye mabaki ya dawa za saratani.

Kinachovunjika na kisichovunjika

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Kabla ya kununua chochote, tafuta uchafu wako kwenye orodha hii.

*Vijidudu.* Mwanga wa jua peke yake huua bakteria na virusi vingi. Kichocheo huongeza kasi. Hili ndilo eneo ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kufaidika mara moja.

*Viuatilifu, mabaki ya dawa za binadamu, rangi za vitambaa, sabuni.* Vyote hivi vina kaboni, na vinaweza kuvunjwa. Ila kuna mtego. Maji yenye rangi yakigeuka meupe, watu hushangilia na kuzima mtambo. Rangi kutoweka kunaonyesha tu kwamba sehemu moja ya kemikali imekatika. Vipande vilivyobaki vinaweza kuwa na sumu kuliko kitu cha awali. Kinachothibitisha kazi kukamilika ni kipimo cha maabara cha kaboni iliyobaki au cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu uliobaki.

*Sayanaidi.* Inavunjika. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba titaniamu dayoksaidi ikipigwa na mwanga hubadilisha sayanaidi kuwa sayaneti, yenye sumu ndogo zaidi kwa mbali. Hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa kichocheo cha mwanga kutumiwa kuvunja sumu ndani ya maji. Hata hivyo njia hii inafaa zaidi kumalizia mabaki kidogo kwenye maji maangavu kuliko kusafisha bwawa zima la tope.

*Zebaki, nikeli, risasi, aseniki.* Havivunjiki. Hivi ni elementi. Hakuna mwanga, sauti wala kichocheo kinachoweza kuviondoa duniani. Kichocheo kinaweza kuvibadilisha umbo, na wakati mwingine kikavifanya viwe rahisi kunaswa, lakini lazima vinaswe, vitolewe majini na vihifadhiwe mahali salama. Muuzaji anayekwambia mtambo wake "unateketeza zebaki" hasemi kweli.

*Tope, chumvi, floridi, naitreti.* Haviondolewi kwa njia hizi.

Kwa wachenjuaji wa dhahabu

Sehemu hii inawahusu hasa ndugu zetu wa mialoni Biharamulo, pamoja na majirani wanaochota maji chini ya mialo hiyo.

Mtiririko wa kazi unajulikana. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inatiwa kukamata dhahabu, na mchanga unaobaki, yaani marudio, unauzwa au unalowekwa kwa sayanaidi kwenye matangi yanayoitwa VAT ili kutoa dhahabu iliyobaki. Hatari kubwa iko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Marudio bado yana zebaki. Sayanaidi ikikutana nayo, inaiyeyusha. Zebaki iliyokuwa imetulia kwenye mchanga sasa inasafiri na maji. Ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa umbo linaloingia kwenye samaki na kujilimbikiza humo, na kutoka kwa samaki inamfikia mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unautaja uchenjuaji huu wa sayanaidi juu ya marudio yasiyotolewa zebaki kuwa miongoni mwa vitendo vibaya kabisa vinavyopaswa kukomeshwa. Hakuna kichocheo cha mwanga kitakachorekebisha kosa hilo baada ya kutendeka.

Basi fanya hivi:

1. Ondoa zebaki kwanza. Marudio yenye zebaki yasiingie kwenye tangi la sayanaidi. Kwenye kuchoma dhahabu tumia ritoti, yaani chombo kinachofungwa, ili mvuke wa zebaki unaswe na urudi kutumika badala ya kuingia mapafuni.

2. Usitegemee jua peke yake kumaliza sayanaidi bwawani. Ni kweli jua na hewa hupunguza sehemu yake. Lakini sayanaidi iliyoungana na chuma, ambayo ikiwa gizani imetulia, ikipigwa na jua huachia sayanaidi huru. Bwawa lililopimwa asubuhi na kuonekana salama linaweza kuwa na sumu zaidi mchana.

3. Linda chokaa. Maji ya sayanaidi yabaki na chokaa ya kutosha kuweka pH isiyopungua 10.5. Ikishuka, sayanaidi huwa gesi, na gesi hiyo huua kwa dakika chache. Maji ya betri na asidi ya aina yoyote yasisogezwe karibu na matangi.

4. Usimwage dawa ya kung'arishia nguo kwenye maji ya sayanaidi kwa kubahatisha. Klorini ikikutana na sayanaidi bila chokaa ya kutosha huzalisha gesi nyingine ya sumu. Kazi ya kuua sayanaidi ina njia zake zilizozoeleka migodini, kama haidrojeni peroksaidi, au salfa dayoksaidi pamoja na hewa, na ifanywe chini ya mtaalamu wa kemia.

5. Jenga bwawa lenye plastiki imara chini na pembeni, uzio wa kuzuia watoto na mifugo, na nafasi ya kupokea mvua kubwa bila kufurika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kanuni ya kimataifa ya migodi kuhusu sayanaidi inataka maji ya bwawa lililo wazi yasizidi miligramu 50 za sayanaidi inayoachika kirahisi kwa lita, ili kulinda ndege na wanyama. Kiwango hicho si cha maji ya kunywa. Maji ya kunywa yanatakiwa kuwa safi kuliko hapo kwa mbali.

Tukumbuke kilichotokea Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000. Ukingo wa bwawa la mgodi wa dhahabu ulipasuka, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni hadi Danube, zikiua samaki kwa wingi katika nchi zaidi ya moja. Kagera nayo inapita nchi zaidi ya moja.

Nyumbani: kusafisha maji ya kunywa kwa jua

Teknolojia ya mwanga iliyo karibu zaidi na mwananchi haihitaji hata kichocheo. Inahitaji chupa na paa la bati. Njia hii imeenezwa na taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, tangu miaka ya 1990, na ushahidi wake mzuri umetoka hapa jirani. Huko Kajiado, Kenya, watafiti wakiongozwa na Ronán Conroy wa Ireland walifuatilia familia za Wamaasai wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji yaliyoanikwa juani, watatu waliugua kipindupindu. Kati ya watoto 144 waliokunywa maji yasiyoanikwa, waliugua 20. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001.

Ukiwa Ngara au Biharamulo, fuata hatua hizi:

1. Chukua chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako. Isiwe imekwaruzika ikawa na ukungu. Bandua karatasi ya nembo, ioshe kwa sabuni na uisuuze.

2. Kama maji yana tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Unaweza kutumia shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, kulifanya tope lizame. Maji ya mlonge yasikae zaidi ya siku moja.

3. Pima kwa gazeti. Jaza chupa, isimamishe juu ya herufi kubwa za kichwa cha habari, kisha tazama kwa juu kupitia mdomoni hadi kitakoni. Ukishindwa kuzisoma herufi, tope bado ni jingi na jua halitapenya.

4. Mimina maji robo tatu ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 20 ili oksijeni ichanganyike, kisha ijaze kabisa na kuifunga.

5. Ilaze juu ya bati mahali ambapo kivuli hakifiki, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakifunika nusu ya anga au zaidi, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, usiitegemee njia hii. Chemsha maji au tumia dawa ya klorini.

6. Kunywa kutoka kwenye chupa hiyo hiyo au mimina kwenye kikombe safi. Kuyahamishia kwenye ndoo iliyo wazi ni kuyachafua upya.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati mzuri zaidi wa njia hii kwetu. Jambo moja lisisahaulike: jua linaua vijidudu tu. Maji yaliyochotwa chini ya mwalo wenye zebaki au sayanaidi yatabaki na sumu hata yakianikwa mwezi mzima. Kwa kaya hizo, jibu ni kubadilisha chanzo: maji ya mvua, kisima kilichopimwa au bomba.

Kwa wakulima, zahanati na shule

Mkulima anaweza kuzuia uchafu mwingi bila teknolojia yoyote. Pampu ikiisha dawa, isuuze mara tatu, na kila maji ya kusuuzia uyanyunyizie kwenye shamba lile lile ulilokuwa ukipuliza. Usioshee pampu mtoni. Chupa ya kiuatilifu itobolewe isije ikatumiwa kuwekea mafuta ya kupikia. Huko Almería, kusini mwa Hispania, palipojaa mashamba ya vitalu nyumba, maji ya kuoshea makopo ya viuatilifu yamewahi kusafishwa kwa mitambo ya jua: mabomba ya kioo yaliyolazwa juu ya vioo vya kuakisi mwanga, maji yakizunguka ndani yake hadi sumu ivunjike. Ushirika wenye mamia ya wakulima unaweza siku moja kufikiria kituo cha namna hiyo. Mkulima mmoja mmoja anahitaji nidhamu ya pampu.

Kwa kituo cha afya, dawa zilizokwisha muda zisimwagwe kwenye sinki wala chooni. Zirudishwe kwa mfamasia wa wilaya ziteketezwe kwa utaratibu. Majitaka yapite kwanza kwenye tangi la kutuliza, kisha kwenye mabwawa ya kina kifupi au bustani oevu ya matete. Mabwawa ya mwisho, yenye kina cha kama mita moja, ni mtambo wa jua kwa maana halisi: mwanga na muda vinaua vijidudu bila umeme wala fundi wa mbali. Kichocheo kikija, kiwekwe mwishoni mwa mlolongo huu, maji yakiwa tayari maangavu.

Wakati wa mlipuko wa ugonjwa kama Marburg, jua lisitegemewe kituoni. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg Biharamulo, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi mwaka huo. Katika hali kama hiyo maji na vyombo vilivyoguswa na mgonjwa hutibiwa kwa klorini ya asilimia 0.5 na watumishi waliovaa kinga, kwa maelekezo ya wizara, bila majaribio ya pembeni.

Shule za sekondari zinaweza kufanya kazi ya thamani kubwa: wanafunzi wa kemia wapime pH na uangavu wa maji ya mto juu na chini ya kila chanzo cha uchafu, waandike tarehe na mahali, na kumbukumbu hizo zitunzwe miaka yote.

Ukiletewa mtambo, uliza haya

Halmashauri, ushirika au mgodi ukipelekewa mtambo wa mwanga au wa ultrasaundi, maswali haya yaulizwe kabla ya kusaini:

- Mtambo umejaribiwa kwa maji yetu wenyewe, pamoja na tope lake, au kwa maji masafi ya maabara yaliyotiwa rangi?
- Unavunja nini hasa, na zebaki na metali nyingine zinanaswa wapi?
- Baada ya rangi kutoweka, kimepimwa nini kuthibitisha kwamba vipande vya sumu havikubaki?
- Kichocheo kimegandishwa au ni unga? Kama ni unga, unatolewaje majini?
- Unatumia umeme kiasi gani kwa kila mita ya ujazo, na umeme ukikatika maji yanakwenda wapi?
- Taa na kichocheo hubadilishwa baada ya muda gani, vipuri viko wapi, na fundi ni nani?
- Nani asiye muuzaji amepima maji kabla na baada?

Asiyeweza kujibu swali la mwisho kwa karatasi ya maabara hajawa tayari kuuza.

Pa kupeleka shauri

Kuhusu maji ya kunywa vijijini, anza na chombo cha watumiaji maji na RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019. Kumwaga majitaka mtoni ni suala la Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na la NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kemikali kama sayanaidi na zebaki zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na shughuli za mwalo na VAT zinasimamiwa na Tume ya Madini. Afisa afya wa kata na afisa mazingira wa wilaya ndio milango ya karibu zaidi. Unapolalamika, taja mahali, tarehe na saa, ulichokiona, na kama kuna mifugo au samaki waliokufa. Usiguse samaki hao, na wala wasiliwe.

Watafiti wa nchi hii wanaweza kutusaidia. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na nanoteknolojia, na nguvu ya ubunifu wake ni kwamba kichujio hurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Hilo ndilo tunalolihitaji kwa vichocheo vya mwanga: vipimwe kwa maji ya Kagera, kwa jua la hapa, na kwa uchafu wa hapa.

Kazi ya kwanza iko mikononi mwetu na haihitaji fedha nyingi. Kikao kijacho cha kijiji kiweke ajenda ya kuorodhesha kila mahali majitaka yanapotoka: karasha, mwalo, zahanati, mnada, kisima cha kuoshea pampu. Mbele ya kila jina kiandikwe kinachotumika pale na maji yanapoelekea. Kijiji chenye orodha hiyo kitajua chupa za jua zinafaa wapi, bwawa linahitajika wapi, sheria ivunjwapo kimwite nani, na mtambo wa kisasa ukija uwekwe mahali gani. Orodha hiyo ianze kuandikwa kabla masika mengine hayajaanza kuufagia uchafu kwenda mtoni.